Konokono wa Kasenyi

Jumamosi, 10 Februari 2024

Samaki wote wamekufa! Wote sita. Nadège, mpwa wa mume wangu, amewaleta kutoka Kasenyi, kule ziwani, ndani ya bidoni, dumu la njano, likapigwa na jua njia nzima. Alianza kujitetea kabla hajashuka kwenye pikipiki: barabara mbovu, kizuizi kule Bogoro, dereva aliyesimama kula. Sikumlaumu. Ngege ni samaki wa kuliwa. Nani alisema awekwe ndani ya kioo kama picha ya harusi?

Mume wangu Théodore ndiye aliyenitia huruma. Wiki tatu anahangaika na akwariamu yake. Ameitengeneza kwa vioo vya kabati la duka la dawa lililofungwa. Imevuja mara mbili, na mara mbili amepangusa sebule kwa shati lake mwenyewe. Fundi wa vioo miaka arobaini — sasa miguu inamkataa, ameacha kazi, anazunguka nyumbani kama mgeni aliyesahau alichokuja kufanya. Alitaka kipande cha ziwa. Alizaliwa kule ufukweni, na tangu mama yake akimbie vita na kuja kuishi nasi hapa Bunia, hajarudi hata siku moja.

Akamwaga maji na majani ya ziwa ndani ya kioo hivyo hivyo, bila samaki. Nikacheka, nikaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo. Baada ya muda Théodore ananiita.

"Geneviève, kuja. Iko kitu inatembea mule."

Konokono! Watatu bapa, kahawia, wamejikunja kama mkanda wa suruali. Na mmoja mdogo, mwenye gamba lililochongoka. Walijificha kwenye majani, jua halikuwapata. Théodore akacheka kwa sauti hadi Nadège naye akacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu aache kazi.

Jumatatu, 12 Februari

Mama mkwe amehamisha kiti chake mbele ya akwariamu. Mama Adèle haoni. Macho yameingia ukungu, anajua mwanga na kivuli, basi. Lakini anataka kujua kila kitu wanachofanya konokono. Kila nikipita: "Beko nafanya nini sasa? Sema." Na mimi nasimama, nasema. Sombe inaungua, nasema.

Leo sikuamini nilichokuwa nasema. Yule mkubwa kuliko wote amepanda kwenye kioo hadi juu, akafika mwisho wa maji — na hakusimama. Akaendelea! Anatembea chini ya uso wa maji, mguu juu, gamba linaning'inia chini. Mguu wake umeshika nini? Hakuna kitu pale. Hewa tu. Maji yenyewe yamekuwa dari yake. Nimemwambia Mama Adèle hivyo, akaniuliza kama nimekunywa.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Miaka thelathini na moja kwenye mikroskopu, labo ya kituo cha afya. Mtaa unaniita Mama Kibiriti, kwa sababu watu waliniletea choo chao ndani ya kiboksi cha kibiriti, wamekishika kwa vidole viwili, wanatazama ukutani. Nimeona minyoo ya kila aina na amiba za kila ukubwa. Nilidhani nimemaliza kushangaa. Leo nimesimama nusu saa, kijiko mkononi, kwa ajili ya konokono anayetembea kichwa chini.

Alhamisi, 15 Februari

Yule mdogo mwenye ncha. Lazima niandike kabla sijaanza kudhani niliota.

Alikuwa chini kwenye mchanga. Akaachia, akaanza kupanda, katikati ya maji! Hakuna jani, hakuna kioo, hakuna kitu. Amefika juu, akavuta hewa. Kisha akageuka na kushuka kwa njia ile ile, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi. Nikaleta kioo changu cha kukuzia, nikamwomba Théodore amulike na simu. Tukauona: uzi. Uzi wa ute, mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Anautoa mwenyewe akipanda, anaushika akishuka.

Théodore aliweka simu chini. Alinishika bega. Miaka thelathini na nane ya ndoa, na hatujasimama hivyo mbele ya kitu chochote, hata mbele ya padri.

Jumapili, 25 Februari

Mayai! Wale bapa wawili wameyabandika kwenye kioo. Vipande vya ute, kila kimoja na mayai kama kumi na tano. Kwa kioo cha kukuzia naona ndani ya kila yai nukta moja — na nukta inazunguka. Zote zinazunguka. Bado hawajawa kitu, hawana gamba, hawana jicho, na tayari wanacheza. Nilimsimulia Mama Adèle, akasogeza kiti karibu zaidi na kioo. Kisha akauliza wanazunguka upande gani. Upande gani! Sikuwa nimeangalia. Nikarudi kuangalia.

Nilimweleza Théodore pia kwamba kila mmoja wao ni dume na jike kwa pamoja, na akiachwa peke yake anaweza kuzaa bila mwenzake. Akasema nisithubutu kulisema hilo kwenye kikundi cha akina mama wa parokia.

Na damu yao ni nyekundu! Ukimulika gamba unaiona. Nyekundu kama yetu.

Yule mkubwa sasa ana jina: Présidente. Anakula lengalenga, mchicha wa hapa, kuliko wenzake wote na hatagi hata yai moja. Théodore anasema ndivyo wakubwa walivyo. Kila asubuhi anakunja mikono ya shati, anaingiza mikono hadi kwenye viwiko, anapanga mawe upya, anambeba Présidente na kumweka kwenye jani jipya. Mimi sitii hata kidole. Ute unanisisimua vibaya.

Jumanne, 5 Machi

Vitoto vimetoka. Ni vidogo kuliko punje ya ulezi, na kila kimoja tayari kina gamba lililojikunja sawasawa. Nani amewafundisha?

Théodore anajikuna mikono. Nimempa mafuta ya mawese, amepaka, anaendelea kujikuna. Tena amechoka mno siku hizi. Tumbo limemsukuma hadi tundu la mwisho la mkanda, na usoni amekonda. Nikamwambia bia inakaa tumboni. Akasema hajanywa tangu Noeli. Kweli hajanywa.

Présidente anazidi kukua. Hatagi.

Jumatano, 13 Machi

Nilikuwa nafua. Mikono ndani ya povu, kichwa hakifikirii kitu. Na hapo likanijia, kama mtu aliyenisemea sikioni: mkubwa kupita kiasi, na hazai.

Tulifundishwa shuleni. Konokono akiingiliwa na mnyoo wa kichocho cha tumbo — bilarziozi, kama tunavyosema hapa — mnyoo unachukua nguvu zake zote za kuzaa. Hatagi tena. Anabaki kunenepa, nyumba ya mtu mwingine. Mnyoo unazaliana ndani yake, kisha vitoto vyake vinamtoka na kuogelea majini kutafuta ngozi ya binadamu.

Konokono bapa. Wa ziwani. Na mume wangu mwenye mikono ndani ya maji kila asubuhi, anajikuna!

Nimeacha nguo kwenye beseni. Nimekaa juu ya ndoo. Mimi, Mama Kibiriti! Nimechora yai la mnyoo huyo kwenye daftari la labo miaka thelathini na moja, na nyumba yake nimeiweka sebuleni, naipa lengalenga. Nimekasirika hadi machozi. Sijamwambia. Kwanza nihakikishe. Nimemwambia tu maji yana uchafu, asiguse siku mbili tatu.

Ijumaa, 15 Machi

Théodore alikwenda Njia ya Msalaba. Mimi nilibaki, nikasema goti linauma. Mungu anisamehe, goti halikuuma.

Mbinu yenyewe tuliambiwa mara moja tu, na mwalimu ambaye mwenyewe hakuwahi kuifanya: kila konokono peke yake ndani ya glasi ya maji safi, jua limwangaze, ungoje. Nikavaa glavu. Glasi tatu, wale bapa watatu, dirishani, tangu saa nne. Mama Adèle akauliza nafanya nini. Nikamwambia napima konokono. Akaona ni sawa kabisa, katika nyumba hii kila kitu kinapimwa.

Saa tano: hakuna kitu. Saa tano na nusu: hakuna kitu. Nilianza kujicheka.

Saa sita. Nikaweka kitambaa changu cheusi cha msiba nyuma ya glasi. Wale wawili wanaotaga, maji safi. Glasi ya Présidente — vumbi. Vumbi jeupe ndani ya maji. Nikadhani glasi ilikuwa chafu. Lakini vumbi lilikuwa linapanda! Linapanda, linasimama, linashuka kidogo, linapanda tena. Mamia. Naye amekaa chini ametulia, anatafuna, wanamtoka kama moshi.

Nilipaswa kuogopa tu. Niliogopa, ndiyo. Lakini naandika hapa ukweli kwa sababu hakuna atakayeusoma: nilipiga magoti. Si kwa maombi. Nilitaka kuona vizuri zaidi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda labo na glasi yenye kifuniko katikati ya magoti, juu ya pikipiki. Dereva akauliza ni dawa gani. Nikamwambia aangalie mashimo.

Néhémie, niliyemfundisha kazi, sasa ndiye mkuu wa labo. Alinipisha kiti changu cha zamani. Tone moja. Nikarekebisha lenzi.

Mwili kama mbegu ya ufuta. Mkia mrefu, na mwisho wa mkia umegawanyika kama njia panda. Anaogelea kinyumenyume, mkia mbele! Anapiga, anapiga, kisha anaacha, anateremka taratibu, mikia miwili imetanuka, kama anapumzika. Kisha anapiga tena. Ana siku moja tu ya kuishi, na ndani ya siku hiyo lazima apate mtu. Hana mdomo wa kula. Hana muda wa kula. Ameletwa duniani kwa safari moja.

Miaka thelathini na moja nimelijua yai lake tu, lile lenye mwiba ubavuni. Limekufa, limekauka, juu ya kipande cha kioo. Yeye mwenyewe akiwa hai sikuwahi kumwona. Nilikuwa nasoma barua bila kumjua aliyeandika. Néhémie naye hakuwahi kumwona. Tulipokezana kiti kama watoto, hadi watu nje wakaanza kugonga mlango.

Ni mzuri. Ni mbaya na ni mzuri. Sijui pa kuweka maneno hayo mawili.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwambia Théodore. Vibaya. Nilianza na konokono, ilinipasa kuanza na yeye.

Alisikiliza hadi mwisho. Nilipofika kwenye maji ya moto, kwamba Présidente lazima amwagiwe maji ya moto, aliinuka.

"Kule kwetu nyumba iliungua, mitumbwi iliungua. Sasa hata hii unataka kuua?"

Nikasema wale wawili ni wazima, na vitoto ni vizima, ugonjwa haupiti kwenye mayai, tutavitunza. Nikasema Présidente sasa anakaa peke yake ndani ya glasi yenye kifuniko, na yeye asiingize mikono popote. Hayo aliyakubali. Kisha nikasema neno la kibiriti. Kwamba aniletee, nipime.

"Bunia muzima ilikuletea kibiriti. Miye hapana. Miye niko bwana yako, siko mugonjwa yako."

Akaenda kulala mchana, mlango umefungwa.

Nimebaki nahesabu kwenye vidole, na kila kidole kinanitisha. Akwariamu ina mwezi mmoja na siku chache. Kujikuna, ndiyo, ni kwa akwariamu. Lakini tumbo lile halikutokea ndani ya mwezi mmoja. Tumbo lile nimeliona mwaka mzima nikaliita bia. Na nimeliona kabla yake! Michée, kaka yake mkubwa, tumbo lilijaa maji, akatapika damu, akafa na miaka arobaini na sita. Fiacre, mdogo wao, hivyo hivyo, miaka miwili baadaye. Mama Adèle anasema walipewa sumu kwenye matanga kwa shemeji yake Bernadette. Tangu hapo, miaka ishirini sasa, hajagusa chakula cha Bernadette, na Bernadette hajakanyaga hapa. Mimi nilikuwa kwenye labo wakati huo. Nililia nao, nilipika matangani. Sikuomba kibiriti cha Michée wala cha Fiacre. Mtu haombi shemeji zake kitu kama hicho.

Jumatano, 20 Machi

Nimebadili njia. Nilimwambia sitaki kibiriti, nataka aje tu aangalie, kwa sababu nimeona kitu kizuri na sina wa kunielewa. Hilo lilikuwa kweli. Akavaa koti.

Néhémie alikuwa ameshaweka juani tangu asubuhi glasi ya Présidente niliyompelekea jana yake. Théodore alipokaa kwenye kiti, kwanza alichungulia lenzi yenyewe, akaigeuza kwenye mwanga, akaipitishia ukucha ukingoni. Akasema huyu aliyesugua kioo hiki alikuwa fundi. Ndipo akainama.

Alikaa muda mrefu sana. Nilimwona mgongo ukitulia. Néhémie akamweleza taratibu, kwa heshima, kwamba vidudu hivi havitoki ovyo. Asubuhi vinatoka vichache, jioni hakuna. Vinangoja jua likae katikati, saa sita, ndipo vinamwagika, kwa sababu ndiyo saa ya watu kuwa majini.

Théodore akainua kichwa.

"Mama alikuwa anatukataza kuoga asubui na mangaribi, juu ya mamba. Alisemaka: oga saa sita, maji iko wazi, unaona kila kitu."

Akainama tena kwenye lenzi. "Kila kitu," akasema.

Kule ufukweni, kila nyumba ya jirani ilipoteza mtoto kwa mamba. Nyumba ya Mama Adèle haikupoteza hata mmoja. Watoto saba! Wanawake walikuja kumuuliza amefanyaje. Naye akawafundisha wote: saa sita.

Tulipokaribia nyumbani Théodore akaniambia jambo moja tu, nisimwambie Mama habari ya saa. Nikakubali. Nani angekataa?

Alhamisi, 21 Machi

Asubuhi, kwenye meza, kando ya mkate: kibiriti. Kimefungwa kwa plastiki na kamba, kama zawadi. Yeye hayuko, ametoka kutembea.

Nilikwenda nacho labo. Nilimwomba Néhémie aangalie yeye, nikakaa nje na wagonjwa. Kisha nikaingia nikamwondoa kwenye kiti. Ningewezaje kukaa nje?

Yai lenye mwiba ubavuni. Moja. Jingine. Jingine. Mkono wangu ulianza kuchora wenyewe pembeni ya daftari.

Jumamosi, 23 Machi

Ekografi, ile picha ya tumbo, imefanyika. Daktari ni mtu wa adabu, alitukalisha. Ini lina makovu. Makovu ya zamani, alisema, ya miaka mingi, hayana uhusiano na mwezi mmoja. Akamuuliza Théodore alianza kuingia ziwani lini. Akajibu: tangu nijue kutembea.

Vidonge amemeza hapo hapo, vikubwa, vichungu, akavikunjia uso kama mtoto. Minyoo itakufa. Makovu yatabaki. Na kuna mishipa ya kooni lazima iangaliwe na mtaalamu, kwa sababu ile ikipasuka ndiyo damu — sikuhitaji amalize. Ile ndiyo Michée, ile ndiyo Fiacre. Mtaalamu anakuja baada ya Pasaka. Daktari alisema tumewahi. Nikamuuliza tumewahi kiasi gani. Akasema hajui, ila tumewahi. Kama Théodore angengoja hadi siku ya kutapika, tusingekuwa tunaongea.

Kwa hiyo konokono ndiye aliyetuita. Nimelifikiria hilo njia nzima. Wale samaki wangefika wazima, tungewatazama wao tu, na mimi ningeendelea kulitania tumbo la mume wangu.

Présidente bado yuko kwenye glasi. Leo saa sita amemwaga tena, kama jana, kama juzi. Hana saa, hana dirisha la kuona jua vizuri, na hakosei. Maji ya moto nimeyachemsha mara mbili na mara mbili nimeyatumia kwa chai. Kesho.

Jumapili, 24 Machi — Matawi

Naandika jikoni, nimesimama. Théodore amelala, vidonge vimemlegeza. Mama Adèle yuko kwenye kiti chake, tawi la mtende magotini.

Aliniita kama kila siku. "Beko nafanya nini sasa?" Nikaenda, nikasema: wale wawili wako kwenye jani, yule wa uzi yuko juu anavuta hewa, vitoto vimejaa kioo chote, vingine vinatembea darini. Akatabasamu. Akasema tangu macho yake yafungike, mimi ndiye mtu pekee anayemwambia kitu kama kilivyo. Wengine wote wanampamba. Wanamwambia nyumba ya Kasenyi bado iko.

Kisha akaanza kuongea habari za ziwa, kwa sauti ile ya furaha. Watoto saba. Mamba hakumgusa hata mmoja. Mwanamke jirani alipoteza wawili, alimlilia mlangoni, akamwomba siri. Na akacheka kidogo, akasema yeye hakuwa na siri, alikuwa na saa tu.

Nilijua swali linakuja kabla halijafika.

Alipitisha vidole kwenye tawi. Akasema Théodore jana alimweleza habari za ugonjwa, lakini alimweleza haraka haraka, kama mutu anaficha kitu. Kwamba iko vidudu inatokaka mu konokono, inaingia mu mutu, inakaa mu tumbo miaka na miaka. Akasema tumbo hilo analijua. Amelizika mara mbili. Miaka ishirini amemnyima Bernadette mkono wake.

Halafu akageuza uso kwangu, macho meupe yamefunguka, na akauliza polepole, kama anauliza kama chumvi imetosha:

"Geneviève. Ile vidudu, inatokaka saa ngapi?"

Nikasema nakwenda kuleta sukari.

Sukari iko hapa. Niko jikoni na sukari mkononi, na daftari. Naweza kusema usiku. Neno moja, na hatakwenda kuuliza kwa mtu mwingine, hana wa kumuuliza. Atakufa na watoto wake saba aliowaokoa. Na Bernadette? Watoto hawakuoga usiku, basi Bernadette atabaki mchawi. Na hata nikisema usiku, kesho ataniuliza wanafanya nini, na nitasema, na yeye ataamini, na mimi nitajua.

Nimeandika "usiku" hapa juu ya mstari, nikakata. Nimeandika ile nyingine, nikakata pia.

Nje kengele ya parokia inaita misa ya pili. Jua limeingia jikoni hadi kwenye miguu yangu. Nasikia fimbo yake kwenye saruji, taratibu, inagusa ukuta, inagusa mlango. Amekuja mwenyewe. Hakasiriki. Anasema tena, karibu yangu kabisa:

"Saa ngapi, mama?"